Sababu ya Kuinama

Kwa muda wa siku kumi Ngatinah aliandika maneno mawili yaleyale, "kubeba vigae", zaidi ya mara mia nne, na mara nyingi alipoyaandika alijua kwamba si kweli. Hakulazimishwa na mtu wala hakupewa kitu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mcha Mungu, msimamizi wa wanawake ishirini na mmoja katika kiwanda cha vigae cha Pak Darsono, yaani Bwana Darsono, hapa Kalipancur, na maishani mwake hakuwahi kuitwa mwongo. Naeleza habari zake kwa sababu uongo wake ni wa aina ambayo watu wengi wema wa kwetu huiita adabu.

Kiwanda chenyewe si kikubwa. Kuna mashine tatu za kukandamiza udongo chini ya banda, uwanja wa kuanikia, na tanuri refu la matofali. Kigae kikishatoka mashineni kikiwa kibichi, mwanamke hubeba vinne mikononi mpaka uwanjani, hatua kama arobaini, kisha hurudi mikono mitupu kuchukua vingine. Njia hiyo hupita mbele ya kibaraza cha nyumba ya Pak Darsono. Hapo kibarazani, tangu saa moja asubuhi, huketi mama yake, Mbah Kasirah, yaani Bibi Kasirah, mjane wa mwanzilishi, mwenye miaka themanini na tatu, akitafuna tambuu na kuhesabu nani kachelewa.

Kwetu mtu hapiti wima mbele ya mzee aliyeketi. Anakunja mgongo, anashusha mkono wa kulia mbele yake, anasema, "Samahani Mbah, napita," kisha anapita hivyo hivyo mpaka amvuke. Mwenye mzigo huinama kidogo. Mwenye mikono mitupu huinama sana, kwa kuwa hana kisingizio. Mwanamke mmoja hupita hapo mara themanini au tisini kwa siku, na hakuna anayekumbuka kwamba ameinama.

Mwaka juzi, kiangazi, akaja Bu Rumondang, yaani Mama Rumondang. Ni mhadhiri wa chuo kikuu mjini, na elimu yake ni kutazama jinsi kazi inavyoukalia mwili wa mtu, kisha kupiga hesabu ya kutabiri ni wapi kazini mtu ataumia kabla hajaumia. Kwao ni Sumatra kaskazini, kando ya ziwa, ambako watu huambiana mambo uso kwa uso, na hata akinong'ona husikika mpaka kwenye tanuri. Aliwakusanya wanawake uwanjani.

"Jamani, sikuja kuangalia kama mnafanya kazi. Nimekuja kuangalia kazi hii inawaumiza wapi."

"Inatuumiza tumboni, Bu, mshahara ukichelewa," alisema Yu Saritem, na wote wakacheka, hata Pak Darsono, ingawa yeye alicheka kidogo.

Saritem, ambaye wadogo zake walimwita Yu, yaani dada, alikuwa na miaka hamsini, mwembamba, mdomo mwepesi. Yeye na Ngatinah walianza kazi kiwandani wiki moja, wakiwa wasichana. Ngatinah akapanda kuwa msimamizi. Saritem akabaki kwenye tanuri, kwa sababu alijibu kila mtu.

Bu Rumondang alitoa mikanda sita. Kila mmoja ulikuwa na kidude kidogo cha kukaa kiunoni kwa nyuma, cha kuhesabu kila mara mvaaji anapoinama mbele, na ameinama kiasi gani.

"Kitajua nikienda chooni?" Saritem akauliza.

"Kitajua umechutama."

"Astaghfirullah! Na nikiinama kuokota sarafu?"

"Kitajua umeinama. Hakitajua kwa nini. Ndiyo maana kuna daftari." Akamgeukia Ngatinah na kumpa daftari lenye safu tano: jina, saa, mahali, mara ngapi, na ya tano, sababu ya kuinama. "Bu Ngatinah, chombo hiki ni kipofu. Wewe ndiye macho yangu. Ukiniandikia sivyo, mimi nitapiga hesabu nzuri kabisa ya kitu ambacho hakipo."

Ngatinah alisikia maneno hayo na aliyaelewa. Sitaki msomaji adhani kwamba hakuelewa.

Siku ya kwanza alikaa chini ya banda na kalamu. Lasmini, mmoja wa waliovaa mikanda, alipita mbele ya kibaraza akirudi mikono mitupu, akainama mpaka kiwiko kikakaribia goti. Ngatinah akaandika katika safu ya tano, "Kupita mbele ya M", halafu akasita. Daftari lile lilikuwa la kutafuta hatari. Lingekwenda mjini. Lingesomwa na wageni, na kabla ya wageni lingesomwa na Pak Darsono. Angewezaje kuliandika jina la Mbah katika orodha ya vitu vinavyoumiza watu? Akaichana ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkunjo wa sarong yake. Katika karatasi mpya akaandika, "Kubeba vigae." Nusu yake ilikuwa kweli, maana kwenda walibeba. Kurudi hawakubeba. Aliandika vilevile kwenda na kurudi, siku ya kwanza mpaka ya kumi.

Baada ya miezi miwili Bu Rumondang alirudi na karatasi kubwa akaibandika ukutani. Ilikuwa ramani ya kiwanda. Penye hatari kubwa pamepakwa rangi nyekundu, penye hatari ya wastani njano, pa salama kijani. Ile njia ya hatua arobaini ilikuwa nyekundu tupu. Tanuri lilikuwa kijani.

Haikuwa ajabu. Hesabu ilisoma "kubeba vigae", ikajumlisha uzito wa vigae vinne juu ya kila kuinama, hata kule kuinama kwa mikono mitupu ambako ndiko kulikuwa kukubwa kuliko kote. Kwenye tanuri wanawake hawainami. Wanapanga mstari toka mlangoni mpaka ndani, miguu imesimama mahali pamoja, kila mmoja anapokea vigae viwili kutoka kushoto, anajisokota kiuno, anampa wa kulia. Vigae elfu saba kila tanuri linapojazwa. Mkanda haukuhesabu kujisokota. Uliona migongo iliyonyooka, ukatulia.

Bu Rumondang mwenyewe alisita. Aliiweka kalamu juu ya ile njia nyekundu.

"Hapa pananishangaza. Ni tambarare, na vigae vinne si mzigo wa kutisha. Bu Ngatinah, una hakika na daftari lako?"

Pak Darsono alikuwa amesimama karibu. Mbah Kasirah alikuwa kibarazani, akitema mate mekundu kwenye kopo.

"Nina hakika, Bu," Ngatinah akasema.

Mpaka hapo mtu angeweza kumtetea kwamba aliandika kwa haraka au kwa mazoea. Baada ya kuulizwa na kujibu, hana mtetezi.

Pak Darsono si mtu mbaya. Alipoona nyekundu alinunua toroli nne ili wanawake wasibebe tena mikononi. Wakawa wanasukuma toroli mpaka mbele ya kibaraza, wanaisimamisha, wanainama, wanaomba ruhusa, wanaishika tena, wanaendelea. Kazi ikawa ndefu zaidi. Mbah Kasirah akalalamika kwamba magurudumu yanamlilia masikioni. Naye Pak Darsono, akitafuta watu wa kusukuma toroli, akaitazama ile rangi ya kijani.

"Watu wanane kwenye tanuri wa nini, na hapo ni salama? Toa wawili."

Ngatinah akawatoa Lasmini na mwenzake, akawarudisha njiani kusukuma toroli. Waliobaki sita akawasogeza wafikie urefu uleule wa mstari. Zamani mkono ulifika kwenye mkono. Sasa ilibidi kila mmoja ajisokote zaidi na kumrushia mwenzake kwa umbali wa hatua nzima.

"Nah, mbona umetung'oa meno?" Saritem akampigia Ngatinah kelele, kwa jina lake la mkato, kutoka nafasi ya tatu. "Angalia mapengo haya!"

"Wataalamu wamesema tanuri ni kijani, Yu. Ni salama."

"Kijani! Basi njoo uuambie mgongo wangu, maana wenyewe hauoni rangi."

Wakacheka. Ngatinah naye akacheka. Alisimama pale akicheka huku akijua ni kwa nini tanuri lilikuwa kijani.

Ilikuwa mwezi wa nne baada ya hapo, Jumanne, kabla ya adhuhuri. Saritem alipokea vigae viwili, akageuka kulia, na hakuweza kurudi. Alibaki amejipinda, vigae vikamtoka vikavunjika miguuni.

"Nah," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake. "Nishike. Nicheke baadaye, sasa nishike."

Walimpeleka kwenye kituo cha afya, kisha hospitali. Mfupa laini wa katikati ya pingili ulikuwa umetoka mahali pake na kubana mshipa wa mguu wa kushoto. Daktari alisema asibebe tena maishani kitu kizito kuliko birika la maji. Alirudi nyumbani kulala ubavu kwenye kitanda cha mianzi. Mwanawe yuko mbali, anafanya kazi kwenye meli za uvuvi, na mumewe alikwisha kufa.

Kuanzia hapo Ngatinah alikwenda kwake kila siku saa za mapumziko. Alimpelekea wali na tempe ya maharage ya soya na mboga ya majani ya mpapai, alimfulia, alimwosha nywele kwenye beseni huku akimshika shingo kama mtoto. Wanawake wakamsifu msikitini. Saritem alizidi kumsifu.

"Wewe ni ndugu kuliko ndugu, Nah. Mungu akulipe."

"Ah, Yu, usiseme hivyo."

"Nitasema. Nimelala, hakuna kazi nyingine niliyobakiwa nayo ila kusema."

Ngatinah alirudi kazini kila siku na maneno hayo kifuani. Alianza kukosa usingizi na kupungua mwili. Wapo watakaosema kwamba alikuwa ameanza kutubu. Mimi sisemi hivyo. Kumtendea mema mtu uliyemdhuru, naye hajui kwamba umemdhuru, ni kumwibia mara ya pili, kwa maana unachukua na shukrani zake. Ngatinah aliliona hilo vizuri kuliko ninavyoliandika, na bado aliendelea miezi miwili.

Kisha ikaja barua. Bu Rumondang atafika Alhamisi na watu wawili wa ofisi ya wilaya. Hesabu yake imekamilika, na sasa itapelekwa kwenye viwanda vingine thelathini na kimoja vya vigae, iwaonyeshe wenye mali wapi waweke toroli na wapi wapunguze watu. Kilichobaki ni msimamizi atie sahihi kwamba daftari ni sahihi.

Viwanda thelathini na kimoja, na kila kimoja kina tanuri na mstari wa wanawake. Ngatinah aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Pak Darsono, akamwambia yote.

Pak Darsono alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango.

"Sasa unataka nifanye nini? Nimhamishie mama yangu nyuma ya nyumba kama mtungi wenye ufa?"

"Hapana, Pak. Nataka tu wajue."

"Wajue nini? Kwamba wafanyakazi wangu wana heshima?"

"Wajue kwamba tanuri si kijani."

Pak Darsono akachezea miwani yake. "Bu Ngatinah, mimi nilisema wawili watoke. Sikatai. Lakini uliyejua ni wewe. Ukifungua mdomo kesho, watu hawataniuliza mimi. Watauliza ni nani aliyemlaza Saritem. Fikiri. Halafu tia sahihi, tuwahudumie wageni, yaishe."

Alisema kwa upole, na hakusema uongo hata mmoja. Ngatinah alitoka pale akijua kwamba akinyamaza atabaki na kila kitu alichonacho: kazi, jina jema, na Saritem.

Alhamisi saa nne wageni walikaa kwenye mkeka kibarazani. Kulikuwa na chai na mihogo ya kukaanga. Mbah Kasirah alikuwa kwenye benchi lake, umbali wa mikono miwili. Bu Rumondang alifungua jalada, akampa Ngatinah kalamu.

"Hapa chini, Bu, kisha tumalize hii mihogo kabla haijapoa."

Ngatinah aliishika kalamu kwa mikono miwili.

"Siwezi kutia sahihi, Bu. Safu ya tano ni ya uongo. Niliiandika mimi."

"Uongo vipi?"

"Katika nusu ya kuinama kote kwa njiani hawakubeba kitu."

"Waliinama kwa nini, basi?"

Ngatinah aliiweka kalamu mkekani. "Walikuwa wanapita mbele ya Mbah."

Chini, njiani, mwanamke mmoja alisimamisha toroli yake, akakunja mgongo, akashusha mkono, akasema, "Samahani Mbah, napita." Bu Rumondang alimtazama mpaka akatoweka nyuma ya ukuta.

"Mungu wangu," akasema. "Nimekuja hapa mara tatu. Na mimi nimepita hapo nimeinama. Mimi mwenyewe!"

"Anasema nini huyo?" Mbah Kasirah akauliza. "Kwamba mimi ndiye ninayevunja watu migongo?"

"Hapana, Ibu," Pak Darsono akamwambia mama yake haraka. "Ni mambo ya hesabu."

"Miaka sitini wananipa heshima yangu, leo nimekuwa hesabu!" Akatema tambuu, akashika fimbo, akaingia ndani bila kumwangalia mtu. Tangu siku ile hajaitikia salamu ya Ngatinah.

"Na tanuri?" Bu Rumondang akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Ngatinah akasimama. Mbele ya wageni wa wilaya, akaikaza miguu sakafuni, akajisokota kushoto, akajisokota kulia. "Hawainami, Bu. Wanafanya hivi. Mara elfu tatu na mia tano kila tanuri linapojazwa. Walikuwa wanane, nikawatoa wawili kwa sababu ya ile ramani, na nilijua ramani imetoka wapi. Saritem alikuwa wa tatu."

"Saritem ni nani?" akauliza mmoja wa wale watu wa wilaya.

"Ni yule aliyeumia mgongo hapo, sasa amelala."

Bu Rumondang alifunga jalada. "Hii haiendi kokote," aliwaambia wenzake. Kwa Ngatinah alisema, "Nilikuuliza, ukaniambia una hakika. Nami nikakubali, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imekwisha na nilitaka iishe. Mwaka wangu mmoja umepotea, hiyo si kitu, nitaanza upya. Lakini yule mama tumemfanyia nini, Bu Ngatinah? Mimi na wewe?"

Pak Darsono aliwarudisha Lasmini na mwenzake kwenye mstari wa tanuri kabla ya adhuhuri. Ngatinah naye aliondolewa usimamizi papo hapo, akaambiwa aanze mashineni Jumamosi. Hakubisha. Alitoka haraka kwenda kwa Saritem, apate kufika kabla ya habari.

Saritem alikuwa macho. "Leo umewahi. Umefukuzwa?"

"Yu, nina neno. Nisikilize mpaka mwisho, halafu useme lolote."

Akamwambia: karatasi aliyoichana, safu ya tano, swali la Bu Rumondang na jibu lake, wale wawili aliowatoa. Hakupunguza. Saritem alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta wa mianzi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumkatiza.

"Ulijua lini?" aliuliza mwishowe.

"Siku ya kwanza, Yu."

"Na siku niliyokuuliza mbona kuna mapengo?"

"Nilijua."

"Nikakuuliza mbele ya watu wote. Ukanijibu habari za rangi. Na hii miezi miwili unaniosha nywele, nami nakuombea dua."

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema. Leo nimesema, Yu. Mbele ya wageni, mbele ya Pak Darsono, mbele ya Mbah mwenyewe."

Saritem akageuza kichwa polepole, kwa kuwa kugeuka haraka kunamuuma, akamtazama.

"Umewaambia wao kwanza."

Ngatinah alikuwa amefikiria habari ya viwanda thelathini na kimoja, ya Mbah, ya kazi yake na jina lake. Hili halikumpitia akilini. Nyumba ya Saritem ilikuwa njiani kutoka kwake kwenda kiwandani. Asubuhi ile alikuwa ameipita.

"Nisamehe, Yu."

"Leo sina msamaha. Sikufanyii kiburi, Nah, nimeutafuta na sijauona. Siku nikiwa nao nitakutumia mtu. Usije kabla."

"Nani atakufulia?"

"Yeyote asiyenidai kitu."

Tangu wakati ule mvua zimenyesha misimu miwili. Bu Rumondang alirudi na chombo kingine kinachohesabu kujisokota, na ramani yake mpya ina tanuri jekundu. Nasikia kuna viwanda vilivyoongeza watu kwenye mstari kwa ajili yake. Watu humwambia Ngatinah habari hizo wakidhani zitamfariji. Yeye huitikia kwa kichwa, huendelea kupakia udongo mashineni, na saa za mapumziko humuuliza Lasmini, ambaye sasa ndiye anayekwenda kule, Yu anaendeleaje. Lasmini humwambia kwamba siku hizi anaweza kuketi mlangoni kwa nusu saa na ameanza tena kuwatania wapita njia.

"Hakusema neno la kunipa?"

"Bado, Bu."

Mpaka leo ninapoandika, hajatumiwa mtu.